Chungu Kimoja cha Familia: Namna ya Kuwafundisha Wenye Shinikizo la Juu la Damu Kula kwa Afya



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Masanze, kama ilivyo katika ukanda wote wa Kilosa na Mikumi, chakula cha jioni hupikwa katika chungu kimoja na kuliwa pamoja. Baba, mama, bibi, watoto na mgeni aliyefika bila taarifa, wote hunawa mikono na kuizunguka sinia moja. Desturi hii ni njema na hatutaki ipotee. Lakini ipo siku mmoja wa nyumba hiyo hurudi kutoka zahanati akiwa ameambiwa kwamba ana shinikizo la juu la damu, na kwamba apunguze chumvi. Hapo huanza swali ambalo pengine hakupata nafasi ya kuliuliza: apunguze vipi, ilhali si yeye anayepika, na mboga ni moja kwa watu wote?

Mara nyingi familia huangukia katika mojawapo ya njia mbili zisizofaa. Ama mgonjwa hupikiwa katika kijisufuria chake, chakula kisicho na ladha, akala peke yake kama aliyetengwa, mpaka akachoka. Ama hurudi kwenye sinia ya wote na kuliacha shauri la tabibu. Katika makala hii tunapendekeza njia ya tatu. Anayepaswa kufundishwa ni nyumba nzima, na mwanafunzi wa kwanza ni yule anayeshika mwiko.

Shinikizo la juu la damu ni nini?

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo hugandamiza kuta za mishipa. Mgandamizo huo ndio tunaouita shinikizo la damu, au kwa lugha ya mtaani, presha. Mashine hutoa namba mbili: ya juu hupimwa moyo unapojikaza, na ya chini hupimwa moyo unapolegea. Mtu mzima ambaye namba zake, zikipimwa katika siku tofauti akiwa ametulia, zinafika 140 kwa ya juu au 90 kwa ya chini, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Mtu aweza kulima, kupalilia na kubeba mzigo wa kuni kwa miaka mingi bila kuhisi lolote, huku mishipa yake ikiharibika polepole. Matokeo huja baadaye: kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, figo kufa na macho kupoteza nuru. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwa kusema, “Mimi sijisikii vibaya.” Anayejua hali ya mishipa ni aliyepimwa.

Ugonjwa huu si wa asili ya uzee wetu

Wengi hudhani kwamba presha ni sehemu ya kuzeeka, kama mvi. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inakanusha dhana hiyo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya wenyeji wapatao 1,000. Hakuukuta ugonjwa huu miongoni mwao, na aliona kwamba baada ya umri wa miaka 40 shinikizo lao halikuendelea kupanda kama ilivyokuwa kwa Wazungu.

Mwaka 1990 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na tofauti hiyo ilionekana mapema, tangu mwezi wa kwanza wa maisha ya mjini. Mikojo yao ilionyesha kwamba walikuwa wakila sodiamu zaidi, madini yaliyomo katika chumvi, na potasiamu kidogo, madini yaliyomo kwa wingi katika mboga, matunda na mikunde. Damu yao ilikuwa ile ile, ila maisha yao na chakula chao vilikuwa vimebadilika.

Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu. Kabla ya hapo, utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye ugonjwa huu, waliojua kwamba wanao hawakufika mmoja kati ya watano. Siku hizi mtu hahitaji hata kuhama kijiji ili kula kama wa mjini. Chumvi ya pakiti, viungo vya mchuzi vya viwandani, chipsi, mikate na soda vimemfuata hadi dukani kwake.

Chumvi inajificha wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijazi vizuri kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho ni cha siku nzima, na kinahesabu chumvi yote: inayotiwa chunguni, inayonyunyizwa mezani na iliyomo katika vyakula vya kununua.

Tunayo neema moja ambayo hatuitambui: ugali wetu haupikwi kwa chumvi. Mlaji wa mkate humeza chumvi hata kabla hajagusa mchuzi, lakini mlaji wa ugali huipata kutoka kwenye mboga tu. Basi anayetawala mboga ndiye anayetawala chumvi ya nyumba. Tuangalie inakopitia.

Kwanza, ni chumvi ya kukadiria kwa kiganja. Mpishi hutia wakati wa kukaanga kitunguu, akatia tena mchuzi unapochemka, kisha akaonja na kuongeza.

Pili, ni magadi. Wengi hawayahesabu kuwa chumvi, kwa sababu hutiwa ili kulainisha maharage, kisamvu au mlenda. Lakini magadi ni sodiamu pia, na mishipa ya damu haiulizi sodiamu hiyo imetoka kwenye pakiti gani.

Tatu, ni vidonge na unga wa kukolezea mchuzi. Sehemu kubwa ya viungo hivyo ni chumvi. Anayevitumia na kisha kutia chumvi ya kawaida, ametia mara mbili.

Nne, ni samaki wa chumvi, ng'onda, na baadhi ya dagaa wanaohifadhiwa kwa chumvi.

Tano, ni vya kutafuna njiani: karanga za chumvi, embe bichi lililochovywa katika chumvi na pilipili, mihogo ya kukaanga, nyama choma yenye kichungu cha chumvi pembeni. Mtu hula hivi nje ya nyumbani, na mke wake hupewa lawama ya presha asiyoipika yeye.

Pakiti ya chumvi kama mwalimu

Mafundisho mengi hushindwa kwa sababu hutaja gramu, na hakuna jikoni lenye mizani ya gramu. Tunapendekeza kipimo ambacho kila nyumba inacho: pakiti yenyewe.

Tuchukue nyumba yenye watu sita. Gramu 5 kwa kila mmoja ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Tukigawanya, pakiti hiyo haipaswi kwisha kabla ya siku 16. Kwa nyumba ya watu watano, isiishe kabla ya siku 20. Kwa watu wanne, siku 25. Na kwa kuwa watoto wadogo wanahitaji chumvi kidogo kuliko watu wazima, na kwa kuwa ipo chumvi nyingine katika maandazi, mkate na dagaa, ni vizuri pakiti idumu zaidi ya hapo.

Kazi ya familia ni nyepesi. Siku ya kufungua pakiti, tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu au mkaa. Ikiisha, zihesabiwe siku. Nyumba itakayogundua kwamba nusu kilo imekwisha kwa siku nane imejifunza zaidi ya hotuba ya saa nzima: imejua kwamba inakula mara mbili ya kiasi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo chumvi inavyojaza, na ndivyo inavyoweza kupunguzwa. Chumvi iliyotumika kwa mifugo au kuhifadhia nyama itolewe katika hesabu hiyo.

Kupunguza huku kunaleta matunda ya kweli. Wenye shinikizo la juu wanaopunguza gramu 4 hivi za chumvi kwa siku, namba yao ya juu hushuka kwa takriban alama 5. Ni kushuka kudogo kwa macho, lakini kwa mishipa ya ubongo na moyo ni nafuu kubwa, hasa kukiongezwa juu ya nafuu ya dawa.

Kubadili chungu bila kuua ladha

Mazoea yana taabu, na ulimi ni kiumbe cha mazoea. Atakayeondoa chumvi yote kwa siku moja atazua ugomvi nyumbani. Lakini ulimi huo huo hujifunza upya: anayepunguza kidogo kidogo, baada ya wiki chache huona chakula cha zamani kuwa ni cha chumvi mno. Tunashauri hatua hizi:

1. Chumvi ipimwe kwa kijiko kidogo, itiwe mara moja tu, mwishoni mwa mapishi. Ikitiwa mwishoni, kiasi kidogo husikika zaidi ulimini.
2. Kila wiki kijiko hicho kipunguzwe kidogo, kwa nyumba nzima.
3. Kikopo cha chumvi kiondolewe mezani. Asiyekiona, hakumbuki kukifuata.
4. Wali upikwe bila chumvi, ladha ije na mboga.
5. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa moto wa taratibu, na magadi yaachwe. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe kwa muda mrefu mpaka kiive kabisa. Bamia huupa mlenda mvuto wake wenyewe bila magadi.
6. Samaki au dagaa wa chumvi walowekwe, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, kisha wapikwe bila kuongeza chumvi.
7. Pengo la chumvi lijazwe na ndimu, kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, pilipili, giligilani, karanga au ufuta wa kusaga usiotiwa chumvi.

Tunatoa angalizo moja. Wapo wanaokimbilia chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto wakidhani ni salama zaidi. Sivyo. Sodiamu ni ile ile, na familia hukosa madini joto yanayomlinda mtu na rovu, na kumlinda mtoto aliye tumboni. Tununue chumvi yenye madini joto, na tuitumie kidogo.

Cha kuongeza, si cha kupunguza tu

Mgonjwa anayesikia makatazo matupu hukata tamaa. Hatuna budi kumweleza pia yale anayoruhusiwa, tena kwa wingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba mlo wenye mboga nyingi, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi ulishusha namba ya juu ya wenye ugonjwa huu kwa takriban alama 11 ndani ya wiki nane, hata bila kupunguza chumvi. Waliotafitiwa walikuwa mbali nasi, lakini mboga zenye nguvu hiyo tunazo mlangoni.

Kilosa ni wilaya ya mahindi na mpunga, na pia ya mbaazi, kunde, ufuta na alizeti. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mahindi, alizeti na mazao ya mikunde. Mara nyingi, hata hivyo, mbaazi na kunde huuzwa zote, na pesa yake hununua vya pakiti. Tunaomba kila familia ibakize debe la kula.

Sinia ya jioni igawanywe kwa macho: nusu yake iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali, viazi vitamu au ndizi, na robo iwe mikunde, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Mchicha, matembele, majani ya maboga na ya kunde hayahitaji fedha nyingi, na maji yaliyooshea vyombo yatosha kumwagilia bustani ndogo nyuma ya jiko. Papai, embe, ndizi, chungwa, pera na ubuyu vifuate msimu wake. Je, sembe iliyokobolewa ni nzuri kwa lishe kuliko dona? La, ni kinyume chake: dona, isiyokobolewa, ndiyo yenye virutubisho zaidi. Mafuta yawe ya mimea kama alizeti, yapimwe kwa kijiko, na vya kukaanga viwe vya nadra. Sukari ya chai na soda ipunguzwe, kwa kuwa uzito wa mwili ukizidi, moyo huongezewa kazi. Pombe nayo hupandisha shinikizo, iwe ya kienyeji au ya chupa.

Kufundisha katika Jumuiya

Jumuiya Ndogondogo za Kikristo hukutana nyumbani kwa waamini, karibu na jiko lenyewe. Hakuna darasa la lishe lililo bora kuliko hilo. Tunapendekeza mafundisho ya wiki nne, ya dakika ishirini baada ya sala.

Wiki ya kwanza, aalikwe mhudumu wa afya wa kijiji au wa zahanati, awapime watu wazima wote, na kila mtu aambiwe namba zake kwa faragha. Wiki ya pili, kila nyumba ilete pakiti yake ya chumvi, hesabu ifanyike na tarehe ziandikwe. Wiki ya tatu, zipikwe sufuria mbili za mboga moja, moja kwa desturi ya zamani na nyingine kwa chumvi nusu na ndimu, watu waonje. Wiki ya nne, kila familia iseme jambo moja tu itakalolishika, nalo liulizwe tena baada ya mwezi.

Anayefundisha asianze kwa kukemea. Aanze kwa kuuliza: “Jana mlikula nini?” Kisha amwombe mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Wasiojua kusoma wafundishwe kwa vitu: kijiko, pakiti, fungu la mchicha. Tena akina baba wasiachwe nje. WAWATA wakifundishwa peke yao, mama atapunguza chumvi, na baba atarudisha sahani akisema mboga haina ladha. UWAKA nao walichukue somo hili kuwa lao.

Tahadhari zisizopaswa kusahauliwa

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku, hata namba zikishuka. Kushuka huko huenda ni kazi ya dawa zenyewe. Asiziache bila ushauri wa tabibu, wala asizibadilishe kwa maji ya vitunguu saumu.

Mwenye ugonjwa wa figo amwulize tabibu kabla ya kuongeza sana ndizi, parachichi, mikunde na vyakula vingine vyenye potasiamu nyingi, au kutumia chumvi mbadala, kwa kuwa figo zilizochoka hushindwa kuitoa potasiamu. Mama mjamzito mwenye shinikizo la juu, hasa akiumwa kichwa, akiona maluweluwe au kuvimba uso, apelekwe kituo cha afya mara moja. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikwama ghafla, au kifua kikibana kwa maumivu, huo si wakati wa kubadili chakula wala wa kungoja kukuche. Mgonjwa akimbizwe hospitali. Kwa ukanda huu ipo hospitali ya wilaya Kilosa, na Hospitali ya Mtakatifu Kizito Mikumi.

Afya ni amana

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia pia mahitaji ya wengine. Namba 2290 inaihusisha fadhila ya kiasi na kuepuka kila aina ya kupindukia katika chakula na kileo. Kwa hiyo kupunguza chumvi katika chungu cha familia ni tendo la upendo kwa yule anayeumwa kimya kimya, na ulinzi kwa watoto ambao bado hawajaugua.

Ugonjwa si adhabu ya Mungu, na mgonjwa asihukumiwe kwa alichokula. Wakati wa Kwaresima pia, tukumbuke kwamba sheria ya kufunga haimlazimishi mgonjwa, na mtu asiache dawa zake kwa ajili ya mfungo. Anayetaka kujinyima aweza kujinyima soda, pombe na nyama choma ya chumvi, na akiba yake akampe jirani asiye na nauli ya kwenda kliniki.

Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake chumvi ya dunia. Kila mpishi anajua kwamba chumvi kidogo yatosha kukoleza chungu kizima. Basi leo jioni, kabla ya kufunika chungu, tuchukue kijiko badala ya kiganja, na tuandike tarehe juu ya pakiti. Bibi mwenye presha ale pamoja na wajukuu wake, katika sinia ile ile, chakula kile kile, bila hofu.